Ziwa Isiyo na Meno

Wanasema ukikaa sana inchi ya watu, siku unarudia kwenu unakuta vitu vyote vimekuwa vidogo. Waongo. Mimi nilirudia Goma nikakuta mulima imekuwa mukubwa kuliko vile niliiacha, na mulima haikuli ugali.

Nilienda Uganda mutoto wa miaka kumi, nyuma ya mujomba wangu aliyekuwa anabeba mizigo kwenye bandari ya ziwa kubwa ya kule. Nikakaa miaka tisa. Nilikuwa nawaambia wenzangu wa bandari: "Kwetu kuko mulima inavuta tumbako muchana na usiku. Na mawe ya kwetu ilikuwa uji wa moto. Ikatembea, ikachoka, ikalala." Wanacheka mpaka wanashika tumbo. Wakaniita muongo. Kuitwa muongo miaka tisa si mchezo: mwisho hata mimi nilianza kufikiri pengine niliongeza chumvi.

Basi siku ya kurudia, kamio, ile lori ya mizigo, ikapita Kalengera, ikapanda, mawingu ikafunguka, nikaiona mulima. Inatoa moshi pole pole, kama muzee aliyeshiba. Utani wote ulinitoka kinywani. Nilikuwa nimekaa juu ya magunia ya maharagi, nikavua kofia.

"Unasalimia nani?" mama mumoja mufanyabiashara wa Butembo akaniuliza.

"Mulima, mama."

"Na imeitika?"

"Bado. Iko inavuta kwanza."

Kumbe sikuongeza chumvi. Nilikuwa nimepunguza.

Nyumbani, karibu na Kituku, pale watu wanaogea na kufua kwenye ziwa yetu, mama alinishika uso kwa mikono yote mbili, akalia, akanipiga kofi kidogo ya kuchelewa, akalia tena. Hapo hakukuwa shida. Shida ilikuwa imejificha nyuma ya kikwembe chake, kitambaa alichojifunga kiunoni: dada yangu mudogo, miaka saba, aliyezaliwa nikiwa nimekwisha kwenda.

"Salimia yaya yako, mukubwa wako," mama akamuambia.

Akanitazama kuanzia viatu, akapanda na soseti zangu ndefu za Kiingereza, akafika kaputula, akabinua mudomo.

"Huyu si yaya. Huyu ni mugeni."

Mama akacheka. Na mimi nikacheka, lakini ilinichoma. Kule Uganda nilikuwa mutoto wa watu wengine, mugeni kwa kila mulango. Njia yote juu ya yale maharagi, kitu nilikuwa nangojea ni hiyo neno moja, kuitwa yaya na mutu wa tumbo moja na mimi. Nikamupa bonbon ya sukari. Akakula, akasema: "Aksanti, mugeni." Nikatembea na mikono, miguu juu. Akacheka mpaka akakaa chini: "Mama, kuja uone mugeni!"

Siku ya ine mama akatutuma wawili Kituku kuosha masufuria. Kufika tu, mutoto akatupa sufuria, akavua nguo, akakimbilia maji.

Na mimi nikapiga kelele ambayo sijui ilitoka wapi. Kule bandarini niliona mamba ikichukua mbuzi pamoja na kamba yake. Siku ingine haikuwa mbuzi. Niliruka ndani na viatu, na soseti, nikamukamata mukono, nikamuvuta mpaka kwenye mawe. "Tokeni! Batoto, tokeni! Mamba!"

Kituku ikapasuka kwa kicheko. Wavuvi walicheka mpaka mutumbwi moja ikataka kupinduka.

"Mamba gani, baba?" mama mumoja aliyekuwa anafua akaniuliza. "Wakuje hapa kupikwa? Hauone moto ya mulima iko chini yetu? Hii ziwa haina mamba, haina kiboko. Ulizaliwa wapi, weye?"

Nilizaliwa pale pale. Kuogelea nilijifunzia pale pale. Ziwa ya watu, ile ya Uganda, ilikuwa imeniibia hata kukumbuka hiyo.

Nikasimama, maji inatiririka kwenye viatu, nikaangalia. Maji ya bluu mpaka macho inachoka, na ndani yake hakuna jino. Moto juu ya mulima, moto chini ya mawe, na katikati Mungu akaweka maji ambayo mutoto anaingia uchi, mama yake haogopi. Nani mwingine angewaza kitu kama hiyo? Wenzangu wa Uganda nilikuwa nimewaambia juu ya moshi tu. Hii nilisahau kuwaambia, na ndiyo wangekataa zaidi.

Dada yangu alikuwa anasugua mukono.

"Uliingia na viatu?"

"Nilifikiri wanakukula."

Akafikiri. "Na weye, hawangekukula?"

"Wangeanza na mimi. Niko na nyama mingi."

Hakucheka. Akanishika kidole. "Kuja."

Tukaingia hatua kwa hatua, maji ikafika kwenye goti, ikafika kwenye kiuno. Kila jani lililonigusa lilikuwa mamba. Batoto wengine waliniona nikiruka, wakaanza kunirushia maji usoni, wakipiga kelele: "Mamba! Mamba!"

Dada yangu akageuka, mikono kiunoni.

"Mumuache! Yaya yangu anaogopa maji!"

Kituku yote ikasikia, na wavuvi, na wale wanaofua, ya kama mimi ni muoga. Sikukana. Nilimukamata mukono vizuri, tukaenda, yeye anaogelea pembeni yangu, mpaka maji ikanifika kifuani.