Wimbo Uliosubiri Nyota Tatu

LIKASI, 1969. Saa kumi na mbili jioni, Jumamosi, Rabi Behor Amato anatembea polepole kama mtu aliyebeba maji kiganjani. Anamung'unya wimbo. Akisalimiwa, anapunga mkono tu. Akijibu, wimbo utamwagika.

Hana kalamu mfukoni. Myahudi haandiki siku ya Sabato mpaka nyota tatu zionekane. Mashine yake ya kunasa sauti nayo iko nyumbani, imefunikwa kitambaa.

Wimbo wenyewe ni wa kuiaga Sabato. Hapa mjini anaujua mtu mmoja tu: Mama Rashel Galante, mjane wa miaka themanini na mmoja, mzaliwa wa kisiwa cha Rhodes. Jumatano mama anahamia kwa binti yake Ubelgiji, na harudi.

Kwa miaka kumi na miwili rabi ameongoza sala huku akikusanya nyimbo za watu wake. Madaftari yake yana nyimbo mia mbili na kumi na nne. Alimsihi mama amwimbie siku ya kazi, mbele ya mashine. Mama alimkatalia kwa Kiswahili cha hapahapa.

"Wimbo ya Sabato inaimbwa Sabato. Weye ni rabi, minye ndiye nikufundishe?"

Basi Jumamosi tatu rabi ameketi mezani pa mama, amesikiliza, amerudi kwake kwa miguu, na kila mara mstari wa tatu umemponyoka. Leo ni ya nne, na ndiyo ya mwisho.

Anayemsindikiza ni Germain, mlinzi wa sinagogi, Mkatoliki, mwimbaji wa kwaya ya parokia. Kila Jumamosi mama humwekea sahani yake karibu na mlango.

Nyota ya kwanza inatokea. Ya pili inachelewa kwa sababu ya moshi wa kiwanda. Ya tatu inachomoza upande wa Kamatanda. Nyumbani kwake, rabi anaiaga Sabato kwa mshumaa na divai, kisha anafungua daftari. Mstari wa kwanza. Wa pili. Kalamu inasita. Anaandika wa tatu, anauimba kwa sauti.

Germain anakohoa mlangoni.

"Lakini Rabi, haiko vile. Pale weye unapandisha. Mama anashusha."

Rabi anamweleza kwa upole kwamba, kwa kanuni alizosomea, sauti pale hupanda.

"Minye sijue kanuni," anasema Germain. "Niko naimba vile mama anaimbaka."

Na anauimba wote, sauti ikishuka pale kama mtu anayekaa chini baada ya safari ndefu. Rabi anavua miwani, anafuta macho. Kisha anaangua kicheko.

"Sikusahau kitu," anasema. "Sabato zote hizi nilikuwa namusahihisha mama wa watu mu kichwa yangu."

Anafuta, anaandika upya. Wimbo wa mia mbili na kumi na tano.

Familia za Kiyahudi mjini zilikuwa sitini. Sasa zimebaki tisa, na wanaume hawatimii kumi wanaohitajika kwa sala kamili. Hata hivyo rabi ana mpango. Mama akishaondoka, kila Jumamosi wote watakula mezani pa rabi, na watoto watajifunza wimbo huo kwa sikio, bila daftari.

Je, rabi mwenyewe akiupandisha tena mstari wa tatu?

Rabi anatazama mlangoni. "Germain atakohoa."