Ukiitwa Porini, Itika

Siku ile haijanitoka kichwani, mwanangu, ingawa nywele zangu zimeshakuwa nyeupe na wengi waliokuwepo tumewazika. Ilikuwa mwisho wa kiangazi, huku huku Mwese, wakati nyasi zimeshachomwa na majani mabichi yameanza kuchomoza kwenye majivu. Mbuzi huwa na kichaa miezi hiyo. Akiona kijani kidogo mbele anakifuata, kisha anaona kingine mbele zaidi, na wewe mchungaji ukigeuka kutoa mwiba mguuni, ukiinua macho hayupo.

Tulikuwa wawili, mimi na kaka yangu Zakayo. Mimi nilikuwa binti mdogo, shule nilikuwa naiona kwa mbali tu, wenzangu wakipita. Zakayo alikuwa mkubwa kwangu kwa miaka kadhaa. Alikuwa mwembamba, mrefu, na mbio zake hazikuwa na mfano pale kijijini. Alinifundisha kupiga mluzi kwa majani, na tukienda porini alinitanguliza mbele ili nisichelewe nyuma nikaogopa. Alikuwa mtoto mzuri. Naomba uliweke hilo moyoni kabla sijaendelea, maana watu wakisikia habari hii hukimbilia kusema alikuwa mjinga.

Baba yetu alikuwa amekuja nchi hii kutoka Burundi akiwa na mke na nguo alizovaa. Wale mbuzi ndio kitu cha kwanza alichokipata hapa na kukiita chake. Aliwapenda. Siwezi kusema hakutupenda sisi, ila mbuzi aliwasifia mbele za watu na sisi alituchapa mbele za watu. Zakayo alikuwa na alama mgongoni kwa sababu ya mwanambuzi mmoja aliyeliwa na fisi. Na siku ile ya kuchapwa, baba alimwambia maneno ambayo wote tuliyasikia: "Ukipoteza mwingine, usirudi hapa. Ukirudi nitakuua." Wazazi husema hivyo, mwanangu. Husema kisha wanakaa kula ugali. Lakini mtoto hajui kwamba yale ni maneno tu.

Basi jioni ile tuliporudisha mbuzi, Zakayo aliwahesabu karibu na boma, akarudia tena. Jike mmoja mwenye mimba hakuwepo. Nilimwona anavyobadilika uso. Akanishika mkono.

"Turudi tukamtafute haraka," akasema.

"Tumwambie mama kwanza."

"Mama atamwambia baba."

Tukawasukuma wale wengine wakaingia bomani wenyewe, na sisi tukageuka kabla mtu hajatuona. Kwa hiyo hakuna aliyejua tumeelekea wapi. Wala yule jike hakuwa amepotea. Alikuwa nyuma ya nyumba ya jirani anakula maganda ya mihogo, na jua lilipozama alijirudia bomani kwa miguu yake mwenyewe. Nilikuja kulijua hilo baadaye, na hadi leo nikilifikiria mate yananiwia machungu.

Tulifuata alama za kwato za mbuzi, ambazo nadhani zilikuwa za mbuzi wengine au za swala. Tulishuka bonde moja, tukapanda, tukashuka la pili. Pori la miombo, wewe uliyekulia mjini Shanwe kwenye taa hulijui vizuri. Kila mti unafanana na mwenzake. Kila kichuguu unadhani ndicho ulichokipita asubuhi. Zakayo alipojua kwamba hajui tulipo, hakusimama. Alianza kukimbia. Alinivuta mkono tukakimbia upande huu, kisha upande ule, na kila tulipokimbia ndivyo tulivyozidi kwenda mbali na watu.

Giza lilipoanza kuingia tukasikia debe linapigwa. Du, du, du, mbali kule chini. Kisha sauti za watu wanaita. Moyo wangu ulirukaruka kwa furaha. Nikafungua mdomo niitike, na Zakayo akaniziba kwa kiganja chake.

"Nyamaza. Ni baba."

Nikatega sikio. Kweli alikuwa baba, analiita jina la Zakayo kwa sauti kubwa ya kukwaruza, kama mtu anayegombana.

"Umesikia alivyokasirika?" kaka akaninong'oneza. "Tukitokea sasa hivi, ataniua. Tusubiri hasira ishuke."

Mwanangu, baba hakuwa na hasira. Alikuwa anaogopa. Sasa nimezaa na nimelea, najua sauti ya mzazi anayetafuta mtoto porini jioni, jinsi inavyopasuka. Lakini sisi sauti kubwa ya baba tuliijua kwa maana moja tu. Tukajilaza chini nyuma ya gogo, mkono wake mdomoni mwangu, tukasikiliza debe linavyopita, linavyofifia, mpaka likapotea.

Usiku sitausimulia. Tulilala tumekumbatiana, nilikuwa na kiu, na asubuhi midomo yangu ilikuwa imepasuka.

Kulipokucha nilishindwa kutembea vizuri. Zakayo alinitazama sana. Kisha akafanya jambo la akili kuliko yote aliyoyafanya siku zile mbili. Alinikalisha chini ya mninga mkubwa, mahali peupe palipoungua moto, akavua shati lake jekundu, akapanda akalifunga kwenye tawi ili lionekane kutoka mbali.

"Usiondoke hapa," akaniambia. "Hata ukisikia nini, usiondoke. Nakwenda kutafuta maji, shati litanionyesha njia ya kurudi."

"Na baba akija?"

Alifikiria kidogo. "Wewe hatakupiga. Wewe hukumpoteza mbuzi."

Akaondoka kifua wazi. Nilimwangalia mpaka miti ikamficha. Ndiyo mara ya mwisho kumwona akitembea.

Mimi nilikaa. Sikukaa kwa ujasiri, nilikaa kwa sababu miguu ilikataa. Jua lilikuwa limepanda nilipomwona mtu anakuja taratibu akilitazama lile shati. Alikuwa mzee wa Kibende, mrina asali, tuliyekuwa tunamwita Mzee Ramadhani. Alikuwa amekwenda kuangalia mizinga yake, hata habari ya kupotea kwetu hakuwa ameipata. Nilipomwona nikajificha nyuma ya mti.

Yeye hakunikimbilia. Alisimama mbali, akakaa chini kabisa, akaweka kibuyu cha maji mbele yake.

"Mama mdogo," akaniita, "mimi sina fimbo. Tazama mikono yangu. Njoo unywe maji."

Nikatoka. Nikanywa mpaka nikakohoa, naye akawa anakivuta kibuyu kidogo kidogo nisinywe kwa pupa. Akaniuliza niko na nani. Nikamwambia kaka amekwenda kutafuta maji. Akaliacha shati pale pale kwenye tawi, kwa ajili ya Zakayo akirudi. Akanibeba mgongoni, na njiani kila baada ya mwendo kidogo alisimama akaita: "Zakayo! Mimi ni Ramadhani! Nina maji!" Sikuwahi kusikia mtu mzima akimwita mtoto kwa upole namna ile.

Zakayo hakuwa upande huo. Alikuwa ameshuka kuelekea kwenye korongo la mto, na huko ndiko walikokuwa watu wa kijiji, baba akiwa mbele yao. Niliambiwa na majirani waliokuwepo, na wote walisimulia vilevile. Walimwona ng'ambo, amesimama kwenye ukingo, anatazama chini kama kuna maji. Baba alipomwona akapiga kelele kwa nguvu zake zote: "Zakayo! We Zakayo! Simama hapo hapo!"

Na kaka yangu akageuka, akamwona baba anakuja mbio na rungu lake la porini mkononi, akakimbia. Nimekwambia mbio zake hazikuwa na mfano. Alikimbia kando ya ukingo, na ukingo ule ulikuwa mkavu, mchanga mtupu juu ya mawe. Ukakatika.

Baba ndiye aliyeshuka kumpandisha. Walipofika naye nyumbani, mimi nilikuwa nimekaa kwenye mkeka nakunywa uji.

Msibani watu walijaa. Baba alikaa kwenye kigoda, hakulia, alirudia neno moja tu kwa kila aliyeingia: "Kwa nini alikimbia? Nilikuwa nakuja kumchukua. Kwa nini anikimbie mimi baba yake?" Aliwauliza wachungaji wa kanisa, aliwauliza majirani. Watu walimjibu kwa yale maneno ya msibani, kwamba ni mapenzi ya Mungu, kwamba shetani alimpofusha. Alipoingia Mzee Ramadhani, akamuuliza na yeye.

Mzee Ramadhani alikuwa mgeni kwenye imani yetu na kabila letu, angeweza kunyamaza akala akaondoka. Alisimama akasema, "Mungu usimsingizie. Muulize huyu mdogo aliyekuwa naye."

Wote wakanigeukia. Nilikuwa mtoto, sikujua kwamba kuna ukweli unaotakiwa kufunikwa. Nikasema, "Alisema utamuua."

Mama akasimama akatoka nje. Baba akaendelea kukaa, mdomo umefunguka, kama mtu anayesubiri mtu mwingine aseme kwamba mtoto anaongopa.

Mzee Ramadhani akamwambia tena, sasa kwa sauti ya chini, "Mtoto wako alikuwa na pori zima mbele yake, chui na kiu, na bado alikuogopa wewe zaidi. Basi huyu aliyebaki na watakaokuja, ndugu yangu, walee namna nyingine."

Baba aliwalea namna nyingine. Hakuinua fimbo tena mpaka anakufa. Wadogo zangu waliozaliwa baadaye walikua na baba mpole, anayewabeba mabegani, anayecheka nao. Walinishangaa nilipokuwa sicheki. Walifikiri nina roho mbaya. Mimi kila nilipomwona anawabembeleza nilijiuliza, upole huu ulikuwa wapi Zakayo alipouhitaji? Alipokuwa anakufa aliniomba nimsamehe, nikamwambia nimekusamehe baba. Nililisema kwa mdomo. Moyo unakuja nyuma polepole, na mimi ni mzee sasa, sijui kama utafika kabla sijafa.

Nisingewasumbua kwa habari hii, ila mwezi uliopita nilikuwa Kabungu kwa binti yangu, na mtoto wa jirani alipotea alipokwenda kuokota uyoga. Boda boda zilizunguka, simu zikapigwa, watu wakalala macho. Alipatikana asubuhi, mzima, na mama yake kitu cha kwanza alichokifanya ni kuvunja tawi. Alilia huku anampiga. Watu wakacheka kwa furaha kwamba mtoto amepatikana. Mimi nilimpokonya lile tawi, na yule mama akanitukana, akasema bibi huyu wa Kirundi anaingilia yasiyomhusu. Sawa. Lakini nilimtazama yule mtoto machoni, nikaona anajifunza kitu ambacho kaka yangu alijifunza.

Kwa hiyo nisikilize, mwanangu, na nyie wote mliokuja likizo na mnaotaka kwenda na wenzenu kwenye uyoga kesho.

Kabla hamjaingia porini, semeni nyumbani mnakwenda upande gani na mko na nani, hata kama mtakatazwa. Mkishaona njia imepotea, simameni. Msikimbie, maana hofu inajua kukimbia tu, haijui njia. Kaeni pamoja, mdogo asiachwe peke yake, na mkubwa asiondoke peke yake, hata kwa ajili ya maji. Tafuteni mahali peupe, mfunge juu nguo ya rangi kali, mkae hapo hapo wala msihamehame. Chui, nyoka na baridi vitawaogopesha, ni kweli. Basi jikusanyieni majani makavu, mkumbatiane, msile tunda msilolijua. Pigeni mluzi, gongeni gogo, imbeni nyimbo za kanisani, chochote cha kumfanya mtu asikie.

Na ukisikia unaitwa, itika. Itika hata kama sauti ni ya ukali. Itika hata kama umepoteza mbuzi, umepoteza simu ya mama, umevunja baiskeli ya baba, umekatazwa kwenda na ukaenda. Itika hata kama anayekuita humjui. Kilichopotea kitatafutwa au kitasahaulika, wewe ukipotea hakuna wa kulipwa badala yako. Akitokea wa kukupiga, njoo ukimbilie kwangu. Nikiwa hai hakuna fimbo itakayopita mlango huu.

Nanyi wazazi mnaosikiliza huko nyuma huku mnajifanya mnachambua maharage, nawaona. Msimwambie mtoto asirudi nyumbani. Hata kwa utani, hata kwa hasira, hata mara moja. Na siku akipotea, mwiteni kwa jina lake, mwambieni mna maji, mwambieni hakuna atakayempiga, kisha mfanye hivyo hivyo kweli.

Haya, kalaleni. Mungu awatangulie kesho na awarudishe wote. Awape masikio ya kusikia mnapoitwa na sauti ya kuitika. Na kokote mtakakorudi, maisha yenu yote, awawekee mlangoni mtu anayefurahi kuwaona.