Mlango Mdogo wa Ubavuni

Kanisa dogo namna ile lilikuwa na milango miwili ya nini?

Nililiuliza swali hilo wiki ya kwanza niliporudi Kyela na shahada yangu ya sosholojia na bila kazi. Mlango mkubwa ulitazama barabara, kama makanisa mengine yote ya Kianglikana niliyoyajua tangu utotoni Dodoma, kabla mama yangu hajahamishiwa huku kuwa muuguzi. Wa pili ulikuwa ubavuni, karibu na kisima cha ubatizo, mwembamba na mfupi kiasi kwamba ukiingia lazima uiname. Padri alisema ni wa hewa. Mzee wa kanisa alisema aliukuta. Akina mama wa jikoni walicheka tu.

"Wewe pita unakopita," mmoja akaniambia.

Mama alikuwa amechoka kuniona nimejilaza nikibishana na redio, kwa hiyo akanipeleka kusaidia chakula cha Jumatano. Kila Jumatano kanisa letu, ambalo ni kongwe kuliko nyumba nyingi za mjini lakini waumini wake ni wachache mbele ya Wamoraviani na Walutheri, hulisha wazee wanaoishi peke yao, wa dhehebu lolote. Wali wa Kyela, maharage, na samaki wakipatikana. Kwa sababu ya mvua na matope watu hula ndani, kwenye mabenchi ya nyuma.

Utaratibu wao ulinikera siku ile ile. Chakula kilitoka kwenye banda la jikoni, kikaingizwa kwa mlango mdogo, halafu kikapakuliwa nyuma ya pazia lililotundikwa kwenye kamba. Mpishi mkuu, mama mmoja mnene mwenye sauti ya kwaya, alikaa humo ndani ya pazia. Sahani zilitoka moja moja, unaona mkono tu. Wazee wote waliingia kwa mlango mkubwa na kukaa wakitazama altare, kama wanaosubiri mahubiri. Nani anapakua chakula bila kumuona anayekula?

Nikapendekeza mabadiliko. Meza iwekwe mlangoni, foleni iwe moja, pazia liwe kitambaa cha meza, na mlango mdogo uzibwe kwa magunia ya mchele, maana tulikosa stoo. Nilichora hata mchoro. Akina mama waliutazama kwa heshima.

"Sawa, msomi," alisema mpishi mkuu.

Huku kwetu mtu akikubali upesi hivyo ungepaswa kuogopa. Mimi nilifurahi.

Jumatano iliyofuata mpishi mkuu hakutoka jikoni. Alisema moshi hauachwi peke yake. Nilimbembeleza aje angalau kabla wazee hawajaingia anisomee orodha ya majina, nipange sahani. Akaisoma vizuri, akafika katikati, akaruka jina moja, akaendelea. Nikamwomba arudie. Akaliruka tena, macho yake yakiwa dirishani. Nikaelewa, au nilidhani nimeelewa. Mama wa watu hajui kusoma vizuri, maskini, na mengine ameyakariri. Wiki iliyofuata nikamletea kitabu cha kujifunzia kusoma, nimekifunga kwenye gazeti ili asiaibike.

Alikipokea kwa mikono miwili. "Ndaga," akasema, yaani asante. Wenzake wakageukia masufuria, mabega yakitikisika.

Wakati huo babu mmoja alikuwa ameacha kuja. Ndiye mwenye jina lile lililorukwa, ingawa sikuunganisha mambo hayo mawili. Mkewe alikufa zamani, mwanawe ni dereva wa malori yanayovuka Kasumulu kwenda Malawi, hurudi baada ya wiki kadhaa. Siku nyingine babu alijichemshia ndizi. Chakula cha Jumatano ndicho pekee kilichopikwa na mtu mwingine. Wiki ya tatu bila yeye, nikafunga sahani kwa kanga, nikapanda baiskeli.

Nilimkuta uani akianua kakao. Alikuwa amekonda.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, mjukuu wangu. Nani kapika?"

"Mama mpishi mkuu, kama kawaida."

Alikaa chini pale pale akala mpaka punje za mwisho. Kisha nikamuuliza kwa nini haji.

"Mlango umejaa magunia."

"Mkubwa uko wazi, babu."

"Na masufuria yanapita wapi sasa?"

"Huo huo mkubwa."

"Basi," akasema, kama mtu aliyemaliza hesabu. Aliponiona bado nimesimama, akanihurumia. "Anayepika ni mke wa mwanangu."

Hapa niseme ukweli. Chuoni niliwahi kuulizwa kwenye mtihani kuhusu mila ya Wanyakyusa ya mke kutokutana na baba mkwe wake, kutomtazama, kutotaja jina lake. Nilijibu kurasa mbili na nikapata A. Halafu nikaja hapa nikaondoa pazia.

Nilirudi kwa kasi, tope hadi mgongoni, nikaenda moja kwa moja jikoni.

"Mama, mbona hukuniambia?"

"Ungeandika ripoti, mwanangu."

"Na kitabu?"

"Kizuri. Nilikifundishia darasa la kwanza mpaka nikastaafu."

Walicheka mpaka mmoja akalazimika kukaa juu ya kuni. Nami nilicheka, ingawa nilichelewa kidogo. Alasiri hiyo tuliondoa magunia, na mengine niliyabeba mwenyewe kama adhabu. Pazia nililifua.

Ubishi haukuniisha. Nilimwambia naona si haki, kwamba mwanamke ndiye ajifiche.

"Nani kakwambia ninajificha mimi?" akauliza, akikoroga. "Mimi napika, naimba, nasengenya. Yeye ndiye anayekaa kimya kama maji mtungini mpaka nimalize."

Nikaendelea kubishana naye moyoni nikiosha sahani. Lakini Jumatano iliyofuata babu aliingia kwa mlango mkubwa, kofia mkononi, akaketi benchi lake akitazama altare. Mlango mdogo ulifunguka nyuma ya pazia, masufuria yakagongana, wimbo ukaanza. Mkono ukatokea na sahani iliyojaa kupita nyingine zote. Nikaipeleka.

"Ndaga fijo," asante sana, babu akasema, kwa sauti kubwa kuliko iliyohitajika kwangu. Wimbo ukasimama kidogo, ukaendelea.

Miaka kadhaa baadaye, babu akiwa ameshazikwa, paa likaanza kuvuja na padri akanituma nitafute ramani ya jengo kabatini. Niliipata, imeliwa na mende pembeni. Ilikuwa na mlango mmoja tu. Nikampelekea mpishi mkuu, naye akanieleza. Ule wa ubavuni aliutoboa baba yake babu, fundi mwashi, mwaka babu alipooa, ili mke wa babu apate pa kuingilia kusali bila kukutana na baba mkwe wake.