Winga wa Kwenye Kioo

Kinyozi wetu hutazama mpira kwenye kioo, maana televisheni imetundikwa ukutani nyuma yake na mkono wake hauachi kichwa cha mteja. Huku mashine ikinguruma, yeye anachambua: nyimbo za siku hizi ni ngoma tupu, mwimbaji kaenda wapi? Msoma habari anakimbiza maneno kama anayeachwa na basi. Timu yake ikifungwa, huinua kwanza mashine, ndipo anaguna. Ila kuhusu winga wetu hatumwezi. "Yule ni wa mguu wa kushoto, bwana! Miaka yote hii namwona kwa macho yangu, mtaniambia nini?"

Jana hapakuwa na mteja, akakaa mwenyewe kwenye kile kiti cha kuzunguka. Shemeji yake akakizungusha mpaka akatazamana na televisheni ana kwa ana. Winga akapokea pasi, akaachia shuti kwa mguu wa kulia, goli! Tukashangilia, kisha sote tukamgeukia kinyozi. Alisukuma sakafu kwa kidole cha mguu, kiti kikamrudisha taratibu kwenye kioo, marudio yakaanza, na winga akafunga tena, kwa kushoto.

"Si niliwaambia?" akasema, akaegemea kiti.