Wakili wa Mama

Picha ile ilikuwa ukutani kwa mama, kijijini nyuma ya Ihumwa, tangu nikiwa mdogo. Marehemu baba alikuwa katekista, na padri mzee aliyekuwa anarudi kwao Ulaya alimwachia. Mwanamume wa makamo, nywele za mawimbi, kola ya lesi, na maandishi ya Kilatini yamemzunguka. Nyumbani tulimwita Mtakatifu, basi. Mama alisali mbele yake asubuhi na jioni.

Mimi nilimpenda kwa sababu nyingine. Kila nikitoka kwangu mjini, Ipagala, kwenda kumsalimia mama, nilibeba kioo cha kukuzia nikamkagua kama afisa wa forodha. Picha za kuchapwa za zama za Baroko, Ulaya ya miaka mia tatu na zaidi iliyopita, hazina mchezo. Pale hakuna rangi wala brashi, ni mistari tu iliyochimbwa kwenye bamba la shaba kwa patasi nyembamba, kisha ikajazwa wino na kukandamizwa kwenye karatasi. Shavuni mistari imepinda kufuata mfupa. Mchongaji akitaka giza anakandamiza, mstari unanenepa. Akitaka mwanga anaachia, unakonda mpaka unakatika, na karatasi yenyewe inageuka ngozi. Lesi peke yake iliwahi kunimalizia mchana mzima. Nilimwonea wivu fundi yule.

Kisha vikope, ule ugonjwa wa macho aliowahi kuugua zamani, vikamrudia mama. Kope ziliota kuelekea ndani, kila akipepesa zinamkwaruza jicho. Muuguzi wa zahanati akasema operesheni yake ni ndogo, asubuhi unaingia, mchana uko nyumbani. Mama akakataa.

"Nimeshamwambia Mtakatifu," alisema.

Nilikasirika. Nikayapiga picha yale maandishi kwa simu, nikampelekea padri mmoja wa mjini, pale Kikuyu, anisomee, nikarudi na jibu kifua mbele.

"Mama, huyu si mtakatifu. Ni wakili. Alikuwa anatetea matajiri mahakamani."

Mama alicheka mpaka machozi yakamtoka, na machozi yenyewe yakamuuma.

"Wakili? Basi ndiye ninayemhitaji. Watakatifu wana watu wengi."

Nilibembeleza, nikafoka, nikamleta muuguzi hadi nyumbani; mama akamkaribisha vizuri, akampa karanga, akamsindikiza. Sijawahi kujiona mnyonge namna ile. Alipokuja kukubali, macho yote mawili yalishaota kovu jeupe, haoni tena, na kovu hilo halikuwa na dawa.

Mwezi uliopita aliniomba nimtoe wakili kwenye fremu.

"Wewe humwangalia sana. Unaona nini?"

Nikamweleza mistari, lesi, shavu. Nikakumbuka kwamba wino wa picha za namna hii huinuka kidogo juu ya karatasi. Nilifumba macho nikagusa kola, nikausikia. Nikamshika mama mkono, nikapitisha kidole chake polepole palepale, kidole kilichoshika jembe maisha yake yote, ngozi imekomaa. Akarudia mwenyewe, juu hadi chini, kwa subira.

"Mwanangu," alisema, "hapa hakuna mtu."