Jiwe Lililotoka Kisimani

Mimi nikiona jiwe situlii. Mwanzoni mwa miaka ya themanini nilikuwa nikipima mawe na maji katika maabara moja ya mji wa Mahajanga, nikikaa chumba cha kupanga mtaa wa Ampisikina. Mama yangu, aliyekuwa kisiwani Nosy Be, akaniletea chupa ya maji ya kisima chetu. Alitaka jibu moja tu: kwamba jirani yetu, fundi wa betri za magari, ametutilia sumu.

Nilipima nikakuta risasi, madini yale yale yaliyomo ndani ya betri. Basi mtaa mzima ukamshukia fundi, wateja wakamkimbia, na mama akawa wa kwanza kudai ahame. Ushahidi niliwapa mimi.

Nilivuka kwenda kuhakikisha kisima kimefunikwa. Pale uani nikakaa mahali pa kutawadhia. Babu alipochimba kisima, miaka mingi kabla fundi hajahamia, hakutupa mawe ya chini kabisa. Aliyapanga yakawa sakafu ya kuoshea miguu kabla ya sala. Ni mawe meusi ya tabaka tabaka, tope la kale lililoganda. Utotoni tulikwangua chembe zake za manjano tukijiita matajiri. Siku ile niliona na nyingine, za kijivu, zinang'aa kama bati jipya. Ndivyo inavyong'aa risasi ikiwa bado ndani ya mwamba!

"Nipeni nyundo!" nikapiga kelele.

"Unavunja sakafu ya babu yako?" mama akaniuliza kwa Kikomoro, lugha yake ya kunigombeza.

Nikavunja.

Mahajanga nililisaga lile jiwe nikaliloweka katika maji ya mvua. Baada ya siku chache maji yale yalikuwa na risasi kama ya kisimani. Udongo niliouchota kati ya meza ya fundi na kisima ulikuwa safi. Niliruka kwa furaha hadi wenzangu wakadhani nimepandwa na shetani.

Nilirudi mbio. Mama alinisikiliza hadi mwisho.

"Kumbe ni kisima cha baba yangu."

"Ni mwamba, mama. Yeye angejuaje?"

Alijitanda leso, akachukua kipande cha jiwe, tukaenda. Fundi alikuwa akipanga vyombo vyake sandukuni.

"Nimekukosea mbele ya watu," mama alimwambia, akampa jiwe na kumweleza kuwa sumu imetoka humo. "Nitakutakasa mbele yao."

Fundi aligeuzageuza jiwe mkononi, kisha akanitazama mimi.

"Binti, wanangu nao wameyanywa maji hayo miaka sita. Watakuwaje?"

Furaha yote ikanitoka. Kila asubuhi tulimwona akiteka maji pamoja nasi, kwa kamba ile ile, na hakuna hata mmoja wetu aliyelikumbuka hilo.