Kiguu na Njia na Wimbo wa Dirisha

Mama yake alimpa jina zuri tu, lakini hakuna aliyelikumbuka isipokuwa mama mwenyewe. Wanamuziki walimwita Kiguu na Njia, na hata mwenye nyumba wake alipomgongea mlango alimwita hivyo hivyo. Alikuwa mwimbaji, tena mwimbaji kweli, si wale wanaobebwa na vyombo. Akifungua kinywa, wahudumu wa ukumbi husimama na trei zao mikononi wakasahau nani aliagiza nini. Tatizo halikuwa koo. Tatizo lilikuwa miguu.

Hakuna bendi ya maana mjini ambayo hakuipitia. Moja aliihama kwa sababu ya sare: walishonewa mashati ya mikono mirefu, naye akasema hawezi kuimba huku amefungwa kama mzigo. Nyingine aliihama kwa kuwa kila mara alipangwa kuimba mwanzo, wakati wasikilizaji bado ni viti vitupu. Nyingine tena, kiongozi wake alikuwa akisinzia mazoezini. Na ipo aliyoihama, Mungu anisamehe, bila sababu yoyote. Aliamka tu akaona kuta za chumba cha mazoezi zimemchosha. Sasa sikia ajabu yake. Kila alipotoka, kabla kiti chake hakijapoa, bendi ile ilitoa wimbo ukavuma nchi nzima. Ikawa mzaha wa mjini: ukitaka bendi yako ivume, mwajiri Kiguu na Njia, halafu mwudhi ahame.

Yeye mwenyewe aliucheka mzaha huo. Aliyeshindwa kucheka ni mama yake. Bibi huyo aliishi na binti yake mkubwa, fundi cherehani, na redio yao ilikaa mezani kando ya mikasi na vipande vya vitambaa. Kila ulipopigwa wimbo mpya aliinua kidole, cherehani ikanyamaza.

"Huyu ni yeye?"

"Si yeye, mama."

"Haya. Labda unaofuata."

Miaka ikaenda kwa "labda unaofuata". Watoto wa wenzake walishasikika redioni wakapita, wengine walishazeeka na umaarufu wao, na mwanawe, ambaye majirani wote walikiri kwamba anawashinda, hakuwa na hata ubeti mmoja angani. Kisha masikio ya bibi yakaanza kuchoka. Siku moja dada mtu alimkamata Kiguu na Njia mlangoni, akiwa tayari ameaga ilhali chai yake haijapoa.

"We, simama hapo. Mama hasikii tena kama zamani. Ukiongea kawaida anakutazama midomo. Kama unataka akusikie redioni, ni sasa. Mwakani utamwimbia ukuta."

Maneno hayo yalimwingia. Wakati huo alikuwa na bendi ya Mzee wa Nyuzi, mpiga gitaa la solo, mtu wa maneno machache na mwili mwingi. Kiguu na Njia alikuwa ametunga wimbo kuhusu mwanamume anayemwomba jirani yake afungue dirisha, amwone tu, basi. Wimbo wenyewe haukuwa na mafunzo yoyote, lakini ulikuwa mtamu, na Mzee wa Nyuzi akakubali urekodiwe.

"Ila kanuni unaijua," alimwambia.

Nani asiyeijua? Mwimbaji akihama kabla wimbo haujatolewa, sauti yake inafutwa, anaingizwa mwingine. Si ukatili. Mtu akiusikia wimbo redioni hufunga safari kuja ukumbini kumwona mwimbaji, na hakuna kiongozi mwenye akili timamu anayetaka kumtangazia jirani biashara. Kiguu na Njia akaapa kwa kichwa cha mama yake kwamba safari hii hatikisiki.

Kurekodi kulikuwa kasheshe. Studio ilikuwa chumba kidogo kilichobandikwa magodoro ukutani, na feni imezimwa isije ikasikika. Kiguu na Njia akaimba huku akizunguka, mara yuko kulia, mara yuko nyuma ya ngoma. Fundi mitambo akavua vifaa vyake vya masikioni. "Kaka, sauti yako inakuja inaondoka. Unaimba au unauza magazeti?" Mwishowe Mzee wa Nyuzi alimvua viatu akavikalia, na kwa kuwa sakafu ilikuwa na vipande vya nyaya vinavyochoma, mtu wetu akalazimika kutulia. Akaimba. Mwitikiaji, yule anayeimba naye kiitikio, mtu mpole ambaye Kiguu na Njia mwenyewe ndiye aliyemfundisha wimbo ule mstari kwa mstari, alikuwa anafuta macho kwa kola ya shati.

Sasa ikabaki kungoja, na kungoja ndiko kulikomshinda. Mzee wa Nyuzi hakuridhika na tarumbeta, akataka zirudiwe. Mpiga tarumbeta naye akavimba jino. Jino likapona, umeme wa studio ukaleta matata. Kila asubuhi Kiguu na Njia alikuwa mlangoni kwa Mzee wa Nyuzi, anauliza, anakaa, anasimama, anauliza tena, hadi mke wa mzee akawa anamfungulia bila kusalimia. Usingizi ulimpaa. Chakula alikila amesimama. Alihisi mji mzima unatembea na yeye peke yake ndiye aliyefungwa kamba mguuni.

Na ibilisi hana haja ya kugonga, alimkuta ameshafungua. Alikuja kwa umbo la mpiga saksafoni wa bendi nyingine, amevaa miwani ya jua kivulini. Walikuwa wanaondoka kwenda kupiga kwenye mahoteli nje ya nchi, na mwimbaji wao alikuwa amegombana nao.

"Gari linaondoka keshokutwa, bro. Ukija umekuja. Usipokuja, nina mwingine."

Alikwenda kumuaga dada yake, na hapo ndipo ungeuona moyo wa mtu ukigawanyika mbele ya cherehani.

"Kaa," dada alimwambia. "Mara hii moja tu, kaa."

"Dada, wimbo si umesharekodiwa? Sauti iko kwenye kanda. Unadhani yule mzee ataifuta? Hukuwapo wewe. Watu walilia!"

"Kanuni ni kanuni."

"Sauti ile haifutiki," alisema, na mguu mmoja ulikuwa umeshatoka nje.

Huko nje ya nchi mambo hayakudumu. Mpiga saksafoni na mwenzake wa besi walipigana sababu ya mwanamke mpokea wageni, hoteli ikawafungia geti, na bendi ikasambaratika kama ushanga uliokatika uzi. Kiguu na Njia akarudi nyumbani na begi lake, na hata begi lenyewe si lile aliloondoka nalo.

Aliposhuka mjini alipita kwenye duka la kinyozi, na ndani wimbo wa dirisha ulikuwa unalia. Moyo ulimruka. Akasimama, akatabasamu, akangoja sauti iingie ajisikie. Ikaingia ya mwitikiaji. Maneno yake, tuni yake, hata kile kikohozi kidogo cha mzaha alichokibuni yeye kabla ya ubeti wa pili. Vyote vilikuwepo, yeye hayupo. Kinyozi alikuwa anaimba. Mteja aliyejaa povu alikuwa anaimba. Kiguu na Njia aliumia, sitaki kupamba. Aliumia kama mtu aliyekuta nguo zake zimevaliwa na mwingine, tena zimempendeza.

Njia nzima kwenda kwa mama alikuwa akipanga namna ya kueleza. Alipoingia, dada yake aliacha kushona akamtazama tu, akatikisa kichwa polepole, na kabla hajaelewa maana yake mama alikwisha kunyoosha mikono.

"Nimekusikia!" bibi alisema kwa sauti kubwa, kama wasemavyo wasiosikia vizuri. "Kila siku nakusikia! Wimbo wenyewe wa mambo ya hovyo, madirisha madirisha, lakini nakusikia, mwanangu!"

Kiguu na Njia alimtazama dada yake. Dada akainamia kitambaa.

"Mama..." alianza.

"Eh? Kaa hapa, wimbo unakaribia saa yake." Akamvuta kiganja akamkalisha. Na kweli, haukupita muda mrefu wimbo ukaanza, redio imefunguliwa hadi mwisho, spika inakwaruza. Bibi aliweka sikio karibu kabisa, na kila mwimbaji alipovuta sauti alimbana mwanawe mkono.

"Hapo! Unasikia hapo? Zamani ulikuwa ukiimba kama mtu anayengojwa na gari. Nikawa namwomba Mungu, huyu mtoto wangu atatulia lini? Sasa hapo umetulia. Sasa hata nikifa nitakufa najua umetulia. Si ni wewe?"

Koo lililowasimamisha wahudumu na trei zao likatoa sauti ndogo.

"Ni mimi, mama."

"Eh?"

"Ni mimi!" akapaza sauti, na machozi yakamtoka mbele ya dada yake bila haya.

Waliusikiliza hadi mwisho, mkono wake ukiwa ndani ya mikono ya mama. Tarumbeta zikaisha. Mtangazaji, ambaye siku zote huunganisha tu wimbo unaofuata, safari hii akaingia kwa bashasha, akaisifu bendi, akasema, "na aliyetuimbia wimbo huo si mwingine bali ni..." Kiguu na Njia akarusha mkono, akazima redio.

Mama akamgeukia, ameshangaa kweli kweli.

"Sasa mbona umezima? Ndiyo kwanza walikuwa wanataka kukutaja!"